Redio, simu, gazeti au king'amuzi: mwalimu wa kijijini Tanga atumie hela yake wapi?

Mwalimu mpya akipangiwa shule ya Kilindi, Mkinga au Bumbuli, huwauliza wenyeji mambo matatu: nyumba ipo, maji yako mbali, mtandao unashika? Siku hizi la tatu ndilo linalotangulia. Si vibaya, ila limetuzoesha kudhani kwamba penye mtandao pana habari. Ingia ofisi yoyote ya walimu saa nne, wakati wa chai. Utawakuta watu wanane, kila mmoja na simu janja yake, magrupu ya WhatsApp yanalia mfululizo, na bado ukiuliza jana bungeni wamesema nini hasa kuhusu walimu, utapata majibu manne tofauti na kicheko kimoja.

Nalinganisha hapa vyombo vinne ambavyo mwalimu wa vijijini mkoani Tanga anaweza kuvigharamia. Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nalo: simu iwe ya kazi, redio iwe ya habari, gazeti mchangiane, king'amuzi kisubiri mpaka nyumba itulie. Sababu zake ndizo ndefu.

Habari ni za aina mbili

Mwalimu anahitaji habari za aina mbili, na gharama nyingi tunazoingia bila sababu zinatokana na kuzichanganya.

Ziko za ofisi: uhamisho, kupanda daraja, makato, malimbikizo, ratiba za mitihani, mabadiliko ya mtaala. Hizi zina wenyewe. Kuna mkurugenzi wa halmashauri ambaye ndiye mwajiri, kuna Tume ya Utumishi wa Walimu, kuna TAMISEMI (wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), Baraza la Mitihani na Taasisi ya Elimu. Habari ya ofisi ikiwa ya kweli, lazima ina waraka, barua au tangazo mahali fulani. Kwa hiyo unahitaji chombo kitakachokufikisha kwenye chanzo.

Halafu ziko za nchi na dunia: siasa, bei ya mafuta, mvua, mpira, vita vya huko mbali. Hizi hazina waraka. Zinahitaji mtu aliyelipwa kuuliza, kupiga simu upande wa pili na kukata uongo kabla haujakufikia. Kwa maneno mengine, unahitaji chombo chenye mhariri.

Simu ni bora kwa aina ya kwanza na ni dhaifu sana kwa ya pili, jinsi wengi wetu tunavyoitumia. Redio na gazeti ni kinyume chake.

Simu: kazi haiendi bila hiyo

Tusidanganyane, mwalimu wa leo asiye na simu janja anafanyiwa kazi zake na wenzake. Maombi ya uhamisho yanapitia ESS, mfumo wa mtandaoni ambao mtumishi wa umma anajihudumia mwenyewe. Tathmini ya utendaji iliyokuwa kwenye makaratasi ya OPRAS imehamia mfumo wa mtandaoni wa PEPMIS, na kila mtumishi anatakiwa ajaze mwenyewe. Hati ya mshahara inapakuliwa mtandaoni. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, mwalimu ambaye shule yake haikuwa na nakala za kutosha alikimbilia Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), vitabu viko pale bure.

Wapo pia wenye vishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 kisha vikagawiwa walimu. Kwa kusomea kitabu cha PDF, kishikwambi kinaishinda simu mbali sana, macho hayachoki. Ila ni mali ya umma, picha za harusi ya dada yako zitafutie pengine pa kukaa.

Gharama yake ndipo watu wanapojikwaa. Wengi wananunua bando la mitandao ya kijamii kwa sababu ndilo rahisi, halafu wanashangaa ESS haifunguki. Haiwezi kufunguka, bando hilo ni la WhatsApp na wenzake tu. Mwalimu akijikuta siku ya mwisho ya kujaza PEPMIS ana megabaiti kibao za WhatsApp na hana hata moja ya kufungulia mfumo, analipa mara mbili. Ushauri wangu ni mwepesi: bando la kawaida dogo kwa wiki, na mizigo mizito kama vitabu vya TET ipakue mwisho wa mwezi ukishuka mjini Korogwe, Muheza au Lushoto kufuata mahitaji. Mtandao wa mjini una kasi, na faili ukishalihifadhi halidai bando tena.

Sasa magrupu. Simu ya mwalimu wa kawaida ina grupu la shule, la kata, la waliosoma chuo pamoja, la kikoba, la chama, la ukoo, na la msiba wa mwaka juzi ambalo hakuna mwenye ujasiri wa kulifunga. Kati ya yote hayo, la shule na la kata ndiyo yana kazi. Afisa Elimu Kata anatuma saa tatu usiku: takwimu za wanafunzi wenye mahitaji maalumu ziwe zimefika kesho saa mbili asubuhi. Mwalimu mkuu anaibandika kwenye grupu la shule, na mwalimu wa takwimu aliyezima data ili alale ataamka na kosa. Kwa hiyo huwezi kumwambia mwalimu ajitoe WhatsApp. Unaweza kumwambia anyamazishe mengine yote na kuacha mawili yalie.

Kuna tabia moja zaidi ambayo ni ya kwetu kabisa. Kila asubuhi, kabla ya saa moja, picha za kurasa za mbele za magazeti zinasambaa kwenye magrupu. Mwalimu anatelezesha kidole, anasoma vichwa vya habari kumi na viwili, anazima skrini, na kuanzia hapo anahesabu kwamba magazeti ya leo ameyasoma. Hajasoma kitu. Kichwa cha habari kimeandikwa ili ununue gazeti. Kazi yake ni kukuchokoza, na maelezo yako ndani ambako hukufika. Mabishano mengi ya ofisi za walimu yanapiganwa na watu wanaotetea vichwa vya habari.

Na ukumbuke sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa kosa kusambaza taarifa unazojua ni za uongo kwa nia ya kupotosha, na mwalimu ni mtumishi wa umma anayetazamwa. Usitegemee kwamba kusema "nimefowadi kama nilivyoipokea" kutakukinga.

Habari moja, njia nne

Tuchukue habari iliyomgusa kila mwalimu. Tarehe 1 Mei 2025, Singida, kwenye sherehe za Mei Mosi kitaifa, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo.

Mwenye redio aliisikia ikiwa nzima. Ni sikukuu, ni msimu wa masika, mwalimu yuko shambani anapalilia mahindi na redio imening'inizwa kwenye tawi. Maneno "kima cha chini" yameingia sikioni pamoja na asilimia yake, na kile kilichofuata pia, kwamba ngazi nyingine zitapanda kadiri bajeti itakavyoruhusu. Tatizo la redio ni kwamba ukienda kisimani dakika ile, basi. Utaipata saa mbili usiku ikiwa imefupishwa.

Mwenye televisheni aliona vilevile, na zaidi ya hapo tarakimu zimeandikwa chini ya skrini. Kwa habari ya namba hilo ni jambo kubwa, jicho linashika kuliko sikio.

Mwenye WhatsApp tu ndiye ninayemhurumia. Habari ya mshahara ikishaingia kwenye magrupu huanza kukatika mkia. "Kima cha chini" kinadondoka njiani, inabaki asilimia peke yake. Baada ya muda huja majedwali: mwalimu wa daraja la mshahara TGTS D atapata hiki, E hiki, F hiki, yamepangwa vizuri kwa rangi, hayana nembo, hayana kumbukumbu namba, hayana aliyesaini. Mwalimu wa daraja D anazidisha mshahara wake kwa 1.351 kwenye kikokotoo cha simu, na kabla jua halijazama ameshaanza kufikiria bati za nyumba. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi. Kila aliyepitisha ujumbe alipunguza neno moja.

Mwenye gazeti aliipata kesho yake, na kama yuko Mlalo au Mgambo, kesho yake jioni. Amechelewa kuliko wote. Lakini ndiye pekee aliyebaki na kitu mkononi: namba zote, maneno ya waliohojiwa, na nafasi ya kurudia aya ile mara tatu mpaka aelewe kwamba yeye si wa kima cha chini. Karatasi hiyo ikibandikwa ukutani ofisini, inamaliza ubishi wa wiki nzima.

Na jibu la mwisho kabisa lilikuja Julai, kwenye hati ya mshahara, ambayo inapakuliwa kwa simu.

Ukizipanga njia hizo utaona kila moja ina zamu yake: redio kusikia, gazeti kuelewa, simu kuhakiki. Wanaoumia ni wale wanaoanza na kumaliza na grupu.

Redio: ya zamani lakini haijazeeka

Walimu vijana huicheka redio. Wanasema ni ya wazee. Lakini angalia ratiba ya mwalimu wa kijijini. Akiwa wa zamu anatakiwa shuleni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jioni ana madaftari themanini ya kusahihisha, ana kuku, ana maji ya kuchota, na kama ni mwalimu wa kike mwenye watoto, ongeza jiko na kila kinachofuata baada ya jiko. Simu inataka macho na kidole. Gazeti linataka mikono yote miwili. Redio haitaki chochote. Unasonga ugali huku taarifa ya habari inaendelea. Kwa hiyo nikiulizwa na mwalimu wa kike mwenye familia aanze na nini, sifikirii mara mbili.

Halafu ni suala la gharama. Redio ukishainunua, habari ni bure mpaka betri iishe. Hakuna bando, hakuna kifurushi, hakuna ujumbe wa "umetumia asilimia 75".

Na siku intaneti ikizimika? Walioishi nchini Oktoba 2025 hawahitaji kuelezwa. Kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29, intaneti ilikatika nchi nzima na ikaanza kurejea siku kadhaa baadaye. Magrupu yote yale yakawa ukuta mweupe. Redio ziliendelea kusikika, na matangazo ya serikali kuhusu nini kinafungwa na nini kinafunguliwa yalipita huko. Usiseme halitokei tena ukawapa watoto redio ya nyumbani waifungue waone kilichomo ndani.

Tanga tuna bahati ya redio za karibu. Mjini kuna Mwambao FM na TK FM. Pangani wana Pangani FM, redio ya jamii inayozungumza mambo ya wavuvi, wakulima na shule za huko huko. Redio ya karibu inakupa habari ambayo hakuna gazeti la Dar es Salaam litakalohangaika nayo: kivuko cha Pangani kimesimama, barabara ya Amani imeteleza, chanjo ya watoto iko zahanati gani. Mwalimu anayeishi Bweni na kuvuka mto kila asubuhi anajua thamani ya sentensi moja kama hiyo saa kumi na mbili na robo.

TBC Taifa nayo ina nafasi yake, hasa kwa hotuba, matangazo ya wizara na mpira. Ni redio ya serikali, kwa hiyo kauli ya serikali utaipata yote bila kukatwa; ya mwenye malalamiko utaipata kwa ufupi, ikiwepo. Msikilizaji makini anaongeza redio binafsi moja, na jioni matangazo ya idhaa za Kiswahili za nje kama DW, ambayo baadhi ya redio za hapa huyarusha. Redio mbili zisizo za mwenye nyumba mmoja zinatosha kukuonyesha pale habari ilipoinamishwa.

Nisiipambe kupita kiasi. Redio nyingi za binafsi mchana kutwa ni Simba na Yanga, matangazo ya kubeti, na watangazaji wanaocheka vichekesho vyao wenyewe. Vipindi vya kusoma magazeti asubuhi vina ugonjwa uleule wa WhatsApp, vinasoma vichwa tu na kuweka maoni. Na redio haina kumbukumbu. Huwezi kuirudisha nyuma umsikie tena waziri.

Kuna wakati redio ilifanya kazi kubwa kuliko hii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu vijijini kwenye vikundi, redio moja katikati, kijitabu mkononi, kiongozi wa kikundi anasoma na watu wanajadili kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Chombo kilikuwa kilekile. Kilichoongezwa ni kijitabu na mazungumzo. Mwalimu wa leo anaweza kufanya hivyo darasani kwa kipindi kimoja cha afya au kilimo, na hatahitaji kibali cha mtu zaidi ya mwalimu mkuu wake.

Ipi ununue? Kiswaswadu, yaani simu ndogo ya vitufe, chenye FM kinatosha kwa mtu mmoja, ila kinahitaji waya wa hedifoni uwe antena, na huo hupotea. Redio ndogo ya betri yenye antena ndefu ya kuvuta ndiyo ninayoipendekeza, hasa ile yenye kisahani cha sola na tochi. Sabufa ina sauti tamu na majirani wataijua nyumba yako, lakini inategemea umeme, na umeme ukikatika ndipo habari inapohitajika zaidi.

Gazeti: linunuliwe na wengi

Gazeti limepanda bei hadi karibu shilingi elfu moja, na mwalimu akilinunua kila siku peke yake amejinunulia gunia la mahindi kwa miezi michache. Halafu linafika kwa basi, mchana, kwenye stendi ya mji wa karibu. Kupanda nalo kijijini ni hisani ya kondakta au bodaboda. Vijijini gazeti mara nyingi linafika likiwa limefungia maandazi, na nimeshuhudia ofisi nzima ikisoma kipande chenye mafuta, kila mtu akitafuta nusu ya pili ya habari ambayo mwenye maandazi ameikatia mteja mwingine.

Pamoja na hayo, siliachi. Gazeti ndilo pekee kati ya vinne hivi linaloingia darasani bila umeme wala betri. Mwalimu wa Kiswahili anapata humo ufahamu, ufupisho, barua rasmi, matangazo, hata makosa ya kusahihisha. Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari anapata *Daily News* au *The Citizen* kwa wanafunzi ambao hawajawahi kuona sentensi ya Kiingereza nje ya kitabu cha kiada. Hisabati ina bei, asilimia na misimamo ya ligi. Gazeti la wiki iliyopita linafanya kazi hiyo vizuri kama la leo, kwa hiyo kuchelewa si hoja tena.

Njia inayofanya kazi ni kuchangiana. Walimu watano au sita wanatoa mia mbili kila mmoja, wananunua nakala moja mara moja kwa wiki. Chagueni siku ambayo gazeti lenu lina makala za elimu au uchambuzi, msinunue kwa kichwa cha habari. *Mwananchi* na *Nipashe* ni za kampuni binafsi, *HabariLeo* ni la serikali, *Uhuru* ni la chama tawala. Mkibadilisha wiki hadi wiki mtaona wenyewe tukio moja linavyovaa nguo tofauti. Nakala ikishasomwa inaingia kwenye boksi la zana, haiendi kwa mama muuza vitumbua mpaka mwaka uishe.

Gazeti la PDF la kulipia kwa simu lipo pia, na wanaolipenda ni wenye vishikwambi. PDF za kufowadiwa nisizisemee, kila mtu anajua ni wizi na kila mtu anazo.

King'amuzi: raha yake ni ya kweli, habari zake ni za ziada

Hapa nitapita haraka. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa mwisho wa mwaka 2012, Tanga ikifuata mapema 2013, televisheni ikawa kitu cha king'amuzi. Vya antena vinataka uwe karibu na mnara wa kurushia, kwa hiyo ni vya mjini na kandokando yake. Vijijini ni dishi, kama Azam au DStv, nalo linashika popote anga lilipo wazi, hata ndani kabisa ya Kilindi, mvua kubwa ikiruhusu.

Hesabu yake ndiyo nzito: televisheni yenyewe, dishi, fundi, kifurushi cha kila mwezi, na umeme. Siku hizi karibu kila kijiji kimefikiwa na nguzo za REA, wakala wa umeme vijijini, lakini kijiji kufikiwa na kitongoji kufikiwa ni mambo mawili, na nyumba ya mwalimu ina tabia ya kuwa upande ambao nguzo hazijaenda.

Ukijumlisha yote, unalipia mpira na tamthilia, taarifa ya habari ni nyongeza. Si dhambi. Kijijini jioni ni ndefu, na mwalimu aliyepangiwa mbali na kwao anahitaji kitu cha kumweka nyumbani. Ila kama shida ni Coastal Union, timu ya Tanga, anacheza leo, kibanda umiza kipo, unalipa kiingilio kidogo na unapata na kelele za wenzako. Mwalimu mwenye televisheni pekee kitongojini ajue pia kwamba siku ya Simba na Yanga sebule si yake.

Usisahau watu

Kuna chombo cha tano ambacho hakiuzwi. Mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya, sheikh, katekista, dereva wa bodaboda anayeshuka mjini kila siku. Kwa habari za kijiji hao wanakishinda chochote nilichotaja. Mwalimu anayekaa na simu yake kibarazani mwaka mzima bila kupita nyumba ya jirani hatajua kwa nini watoto wa upande wa bondeni hawaji shule siku ya gulio.

Uko wapi?

Uchaguzi unabadilika kidogo kulingana na ulipo, maana Tanga si moja.

Mwambao, kuanzia Mkinga hadi Pangani, mawimbi ya FM yanasafiri bila kizuizi. Redio za Tanga mjini zinashika, usiku utapata na za Zanzibar, na ukikaa upande wa Horohoro redio za Mombasa zinaingia kama za kwako. Huko redio ya bei ndogo inatosha kabisa, na unaweza kuchelewesha mengine yote. Angalia chumvi tu. Upepo wa bahari unakula nyaya na sehemu za betri, kwa hiyo usiiache dirishani.

Milimani, yaani Lushoto, Bumbuli na Amani, mambo ni kigeugeu. FM hutembea mstari ulionyooka, na mlima ukisimama katikati basi umesimama. Shule ya juu ya kilima inapata redio sita, ya bondeni mwendo wa nusu saa haipati hata moja. Simu nayo ni hivyohivyo, kila shule ina jiwe lake au mti wake ambapo mtandao unasoma, na wageni huonyeshwa siku ya kwanza pamoja na choo. Kabla hujanunua redio Mombo, azima ya mwenzako uipeleke nyumbani kwako usiku mmoja ujue kama inashika. Ikigoma, hapo ndipo king'amuzi cha dishi kinapanda kutoka nafasi ya nne hadi ya pili, kwa sababu dishi linatazama juu na halijali mlima wa jirani. Vingi vya ving'amuzi hivyo vina chaneli za redio ndani yake, na watu wengi wanavyo bila kuzifungua.

Bara, Handeni na Kilindi, shida ni umbali. Gazeti sahau, labda la kuchangia mara moja kwa mwezi mtu akienda mjini. Pesa ya kwanza iende kwenye sola ndogo ya kuchajia simu na redio kwa pamoja, ya pili kwenye redio yenye antena nzuri, ya tatu kwenye laini ya pili ya simu. Uliza walimu waliokutangulia ni mtandao gani unashika shuleni na upi unashika nyumbani, maana mara nyingi si ule ule, na uisajili laini hiyo kwa alama za vidole ukiwa bado mjini, kabla hujapanda gari la kwenda kuripoti.